UZI: Gari la zamani la Mmarekani, pima kwanza kabla hujanunua spea

#1 – kabureta_mbili (mwenye uzi)

Wakuu habari zenu, huu uzi nilishauahidi kitambo ila nilikuwa sijui nianzie wapi, leo nimeamua nianze na kisa changu mwenyewe maana naona kila wiki mtu anakuja analia amebadilisha nusu ya gari na tatizo liko palepale.

Gari langu ni Chevrolet ya 1966, injini V8 ile ya inchi za ujazo 283, kabureta ya Rochester ya midomo miwili, gia boksi Powerglide ya gia mbili tu. Nafanya mwenyewe kila kitu, sio fundi wa kusomea, nimejifunzia chini ya hilo hilo gari.

Sasa lilianza ugonjwa mmoja hivi. Linawaka vizuri asubuhi, linatembea vizuri, ukishafika dakika kumi na tano barabarani na hasa ukianza kupandisha kilima linakohoa, linavuta, linakohoa tena, linazima. Ukikaa pembeni kidogo ukapiga ufunguo linawaka kama hakuna kilichotokea. Kila niliyemwuliza jibu lake lilikuwa moja, petroli inachemka kwenye paipu inageuka mvuke. Nikaamini. Nikasogeza paipu mbali na injini, nikalifunga kitambaa kinachozuia joto, nikabadilisha pampu ya mafuta, nikafungua kabureta nikaifanyia ovahoo nzima, nikanunua koili (ile inayozalisha umeme mkubwa wa cheche), nikabadilisha mfuniko wa tangi. Miezi miwili hiyo. Gari bado linazima kilimani.

Siku niliyoacha kununua ndo siku niliyopona. Nilifungua kitabu cha kiwanda cha huo mwaka, sio vile vijitabu vya magari yote kwa pamoja, kile chenyewe cha ufundi wa gari hilo, nikaenda kwenye kipimo cha pampu. Pampu ya kusukumwa na injini inatakiwa itoe painti moja, yaani karibu nusu lita, ndani ya sekunde 30. Nikachomoa paipu kwenye kabureta, nikaunga mpira mrefu mpaka kwenye chupa inayopitisha mwanga niliyoiweka mbali na injini, injini ya baridi, nikachomoa waya wa koili ili cheche isitoke, kizima moto kikiwa miguuni, mtu akapiga starta mimi naangalia chupa na saa.

Mapigo ya kwanza yalikuja yamejaa. Halafu nikaanza kuona mapovu. Petroli inaingia chupani imechanganyika na hewa kama maji ya sabuni, kila pigo povu linazidi, na sekunde 30 zilipoisha chupa haikufika hata nusu ya kile kipimo. Presha niliipima pia na ilikuwa sawa! Ningeishia kwenye presha ningesema mafuta hayana shida nikarudi tena kwenye koili.

Hapo ndo ikaniingia akilini. Pampu iko kwenye injini, tangi liko nyuma, kwa hiyo paipu lote kutoka tangini mpaka kwenye pampu linavutwa, halisukumwi. Mpira ukiwa na ufa upande wa kuvutwa petroli haidondoki nje, hewa ndo inaingia ndani. Ndo maana sikuwahi kuona sehemu yenye unyevu wala kusikia harufu. Nikaingia chini, pale juu ya tangi kuna kipande cha mpira urefu wa kidole tu kinachounga paipu la chuma na mdomo wa tangi. Ukikitazama kizima kabisa. Nilipokikunja nyufa zikafunguka kama tope lililokauka, na ndani mpira umevimba umelainika, ukipitisha kidole kinatoka cheusi kama umegusa wino. Petroli ya siku hizi ina ethanoli, mara nyingi mpaka asilimia 10, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya hiyo. Ukinunua mpira mpya angalia maandishi ubavuni, unatafuta yenye alama SAE 30R9, ni kiwango cha mipira ya mafuta.

Kipande cha urefu wa kidole. Gari halijazima kilimani tangu siku hiyo.

Kwa hiyo hoja yangu ya uzi huu ni hiyo wakuu. Haya magari hayana kompyuta ya kukuambia kosa liko wapi, ila kila kitu ndani yake kinapimika kwa vifaa vya kawaida kabisa: mita ya umeme, taa ya taiming (ya kuona cheche inatoka wakati gani), geji ya vakyumu (inayopima injini inavyovuta hewa), chupa. Geji ya vakyumu peke yake inaongea sana, injini nzima ambayo haijaguswa kemshafti (shafti inayofungua vali) ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa inasoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki na sindano imetulia. Sindano ikicheza cheza kwa mpigo sawasawa fikiria vali. Ikiwa chini lakini imetulia, fikiria taiming iliyochelewa au hewa inayopenya mahali.

Na tafadhali nunueni spana za inchi. 13 ya milimita utaona inaingia kwenye nati ya inchi 1/2, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, hiyo nafasi ndogo ndo inayokula kona za nati mpaka inabaki duara. 19 na 3/4 zinafanana kiasi cha kubadilishana, nyingine nyingi usijaribu.

Karibuni na visa vyenu.

---

#2 – ufunguo_wa_pili

Mkuu asante sana kwa uzi. Mi gari yangu ni ya 1968 V8, nimeinunua imekaa miaka. Shida yake ni hivi, ukipiga ufunguo inawaka hapohapo, kabisa unaisikia imeshika, ukiachia ufunguo urudi inazima. Sio kwamba inakohoa, inazima kama umeikata. Nimebadilisha betri, koili, kondensa na juzi nimenunua swichi ya ufunguo. Nimechoka kwa kweli.

---

#3 – kabureta_mbili

@ufunguo_wa_pili pole, na nakuomba kwa leo usinunue kitu kingine chochote.

Maelezo yako yana jibu ndani yake. Koili ya mfumo wa pointi (swichi ndogo ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) haifanyi kazi na volti 12 muda wote, ingechemka na pointi zingeungua haraka. Kwa hiyo kiwanda kiliweka rezista katikati ya kuupunguza umeme. Ila wakati wa kustati betri inakuwa imelemewa na starta, volti zinashuka, ndo maana wakaweka njia ya pembeni: ukishika ufunguo kwenye kustati koili inapewa umeme wa betri moja kwa moja bila kupitia rezista. Ukiachia, umeme unarudi kupita kwenye rezista. Sasa rezista ikiwa imekatika gari inawaka kwenye kustati na inazima ukiachia. Ni hivyo hivyo ulivyoeleza.

Iko wapi inategemea gari. Chrysler na ndugu zake Dodge na Plymouth waliweka kijitofali cheupe cha kigae kwenye ukuta nyuma ya injini. GM (General Motors, wenye Chevrolet) na Ford kwa miaka hiyo mara nyingi walitumia waya maalum wenye ukinzani uliopita ndani ya waya nyingine, kwa hiyo hutauona kirahisi, usije ukaukata ukaweka waya wa kawaida.

Pima hivi. Ufunguo kwenye ON, injini haizunguki, na hakikisha pointi zimefunga. Hili la pointi ni muhimu, zikiwa wazi umeme hautembei na rezista nzima itakusomea 12 pande zote mbili ukadanganyika. Zikiwa zimefunga: upande unaotoka kwa ufunguo utasoma kama 12, upande wa koili unatakiwa usome kama 5 mpaka 8 hivi. Ukisoma 0 upande wa koili umepata. Usiuache ufunguo ON muda mrefu. Na usiirukie kwa kipande cha waya ukaenda safari, ya kujaribu dakika moja sawa, zaidi ya hapo unaunguza koili uliyoinunua juzi.

Lete namba tuone.

---

#4 – mdada_wa_gereji

Wakuu salaam. Mi niongezee upande wa distributa maana hapo ndo nimeumia zaidi.

Kwanza mimi nimetoa pointi, nimefunga ule mfumo wa elektroniki unaoingia ndani ya distributa ileile, kwa nje huoni tofauti. Najua kuna watu humu hawataki kusikia lakini mi gari naliendesha, na nilichoka kusafisha na kurekebisha kila baada ya maili elfu kadhaa. Sahani ya zamani yenye pointi na kondensa yake ninayo kwenye droo ya dashibodi, ile ya kisasa ikifa inakufa bila taarifa, ukiwa na sahani unairudisha ukaondoka.

Ila kisa nilichotaka kusema ni taiming. Niliseti kwa taa, alama ikakaa pale pale kitabu kinaposema, gari likawa zito, linachemsha, halina nguvu. Nikarudia mara tatu. Nikaanza kushuku rejeta, nikabadilisha themostati. Kumbe alama yenyewe inasema uongo! Ile puli nzito ya mbele ya krankshafti ni vyuma viwili vimebanwa na mpira katikati, baada ya miaka hamsini mpira unachoka na duara la nje linateleza taratibu, na alama imechongwa kwenye duara la nje. Taa inakuonyesha alama imekaa sawa, pistoni namba moja iko mahali pengine kabisa.

Namna ya kuhakikisha: chomoa betri, toa plagi zote, kwenye tundu la namba moja funga kizuizi cha pistoni, kipo cha kununua chenye uzi wa plagi. Zungusha injini kwa mkono POLEPOLE mpaka pistoni iguse kizuizi na isimame, weka alama kwenye puli. Zungusha kinyume mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Katikati ya alama mbili ndo juu kabisa kwa kweli. Ya kwangu ilikuwa imehama upana wa kidole gumba. Puli ikishateleza usiipake rangi ukaendelea, ibadilishe, siku mpira ukiachia kabisa lile duara linaruka na mbele yake kuna rejeta na wewe.

---

#5 – kabureta_mbili

@mdada_wa_gereji hii umeniongezea, kweli kabisa. Mi bado niko kwenye pointi na nitabaki nazo, sababu yangu ni moja, zinaharibika polepole na nikiwa barabarani nazirudisha kwa tupa ndogo na kipande cha karatasi ngumu cha kupimia nafasi. Halafu distributa za Delco za V8 za GM zina kitu nakipenda sana, kile kidirisha cha bati kwenye kifuniko. Unakiinua injini ikiwa inaunguruma, unaingiza ufunguo wa alen wa inchi 1/8, unazungusha kidogo kidogo huku unaangalia mita ya dwell (inayoonyesha pointi zinabaki zimefunga kwa digrii ngapi) mpaka isome digrii 30. Kitabu kinaruhusu 28 mpaka 32. Na kila mara pointi kwanza halafu taiming, sio kinyume, maana ukigusa nafasi ya pointi taiming inahama. Mpira wa vakyumu wa distributa uchomolewe na uzibwe kabla hujaweka taa.

Na mpangilio wa waya wa plagi jamani msikariri wa gari la jirani. Chevrolet V8 ni 1-8-4-3-6-5-7-2, silinda namba 1, 3, 5, 7 upande wa kushoto wa gari. Injini za Ford 289 na 302 za miaka hiyo ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na namba 1 mpaka 4 ziko kulia, na rota (kile kinachozunguka ndani ya distributa) inazunguka kinyume na ile ya Chevrolet.

---

#6 – ngoma_nne

Vijana hamjambo. Mnaongea habari ya kuwaka tu, mimi nataka niongee habari ya kusimama.

Gari nyingi za kabla ya modeli za 1967 zina masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) yenye chumba kimoja. Maana yake wili silinda (ile ndogo ya kwenye tairi) moja ikipasuka nyuma, pedali inakwenda mpaka chini na huna breki hata tairi moja. Imenikuta, nikashuka kwa gia na breki ya mkono na ukingo wa barabara, sitasahau. Mwenye gari la namna hiyo na anaendesha kweli, aweke masta silinda ya vyumba viwili na paipu zake mbili, mbele na nyuma kila mmoja na njia yake. Wanaotaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani nawaheshimu, ila hapa sikubaliani nao.

Ukifungua ngoma za breki fanya upande mmoja kwanza umalize ndo uende wa pili, ili ule mwingine uwe kitabu chako. Springi zile zikisharuka zote mbili hutakumbuka ipi ilikaa wapi. Viatu vya breki katika tairi moja havifanani: chenye bitana fupi (ile sehemu inayosugua ngoma) kinakaa mbele, chenye bitana ndefu kinakaa nyuma, maana cha mbele kinakisukuma cha nyuma na cha nyuma ndicho kinachobeba kazi kubwa. Nimekuta magari mangapi watu wameweka virefu viwili upande mmoja na vifupi viwili upande wa pili, gari linavuta pembeni wanaenda kupima alaimenti. Na zile nyota za kurekebisha (vigurudumu vya meno vya kusogeza viatu) zina kushoto na kulia, uzi wake ni tofauti, ukizibadilisha kila ukirudi rivasi na kukanyaga breki zinalegeza badala ya kukaza.

Vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa hewa. Bitana za zamani zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, pangusa, tupa kitambaa.

Mafuta ya breki, DOT 3 na DOT 4 yanavuta unyevu wa hewani, paipu zinaoza kutoka ndani, badilisha kila miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni, usiyachanganye na hayo mengine hata tone.

Halafu wenye Chrysler, Dodge na Plymouth za miaka ya 60, nati za matairi ya upande wa kushoto nyingi ni za uzi wa kinyume, angalia herufi L kwenye ncha ya bolti kabla hujaongeza bomba kwenye spana. Bolti nyingi zimekatwa na watu wenye nguvu ambao hawakuinama kuangalia.

---

#7 – oili_nyeusi

Shikamoo mzee @ngoma_nne. Swali fupi, oili ya kisasa ya bei juu si ndo bora zaidi? Nimeambiwa inaua injini hizi sielewi.

---

#8 – kabureta_mbili

@oili_nyeusi sio kwamba ni mbaya, imetengenezwa kwa injini nyingine. Injini za zamani nyingi tapeti zake ni bapa, zinasugua moja kwa moja kwenye nundu za kemshafti, hakuna rola. Kinachozilinda ni zinki na fosforasi ndani ya oili, na miaka ya 2000 viwango hivyo vilishushwa kwenye oili za petroli kwa sababu vinaharibu katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) za magari mapya. Tafuta oili inayosema wazi kwenye kopo kwamba ni ya magari ya zamani au ya tapeti bapa. Hatari kubwa zaidi ni kemshafti mpya: ikiwaka mara ya kwanza usiiache iungurume chini chini, ipandishe kama mizunguko 2000 kwa dakika, iwe inapanda na kushuka kidogo, kwa dakika 20. Kwa hiyo taiming na mafuta viwe tayari kabla, sio unaanza kustati na kusimamisha mara kumi, hapo nundu zimeshaisha.

---

#9 – mdada_wa_gereji

Kabla hatujasahau, kutu. Watu wanaangalia rangi. Mi naenda kwanza pale chini ya kioo cha mbele, kwenye matundu ya kuingizia hewa. Majani makavu yanaingia humo, yanaoza, yanashika maji, bati linaliwa kutoka ndani na maji yanadondokea miguuni kwa dereva. Mwaga maji pale, halafu kaa chini uangalie yanatokea wapi, yanatakiwa yatoke nje nyuma ya fenda na sio kwenye zulia. Matundu ya chini ya milango nayo yazibue kwa waya kila mwaka, ni kazi ya dakika tano.

Na taa hafifu, kabla hujanunua taa pima ethi. Taa ikiwaka, waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye ethi ya taa. Ukisoma zaidi ya nusu volti kuna mahali rangi au kutu imekaa kati ya bati na bati. Kwangu ilikuwa ule mkanda wa shaba unaounga injini na bodi, mtu aliyetoa injini miaka hiyo hakuurudisha kabisa.

---

#10 – ufunguo_wa_pili

Wakuu nimerudi. Nimezungusha injini kwa mkono mpaka pointi zikafunga, ufunguo ON. Upande wa ufunguo 12.3. Upande wa koili 0. Nimerudia mara mbili niwe na uhakika.

Ni kile kijitofali cheupe kwenye ukuta, nilikuwa nakifuta vumbi kila siku sijui kazi yake. Nimekifungua, kwa nyuma kuna ufa na ule waya wa ndani umekatika unaonekana kwa macho. Nimefunga kingine jioni hii, upande wa koili sasa unasoma 6.8, nimepiga ufunguo, nimeachia, imebaki inaunguruma. Nimekaa nayo karibu nusu saa naisikiliza tu, wanangu wametoka nje kuangalia kuna nini.

Nimenunua viwili, kimoja kiko kwenye droo ya dashibodi. Kesho naanza na ngoma za mbele, upande mmoja kwanza.